Posho, Njia na Hongo: Safari ya Nyikani katika Mchezo wa Dungeons & Dragons

Mchezo uitwao Dungeons & Dragons, uliotungwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kutolewa Marekani mwaka 1974, ni namna ya masimulizi yanayotungwa na watu kadha wa kadha kwa wakati mmoja. Watu watano au sita huketi mezani. Mmoja wao ni mwamuzi. Yeye ndiye aijuaye nchi ya kubuniwa, milima yake, miji yake na mazimwi yake. Waliobaki kila mmoja ana mhusika wake, mpiganaji au mchawi au kasisi au mwizi, naye husema mhusika huyo anatenda nini. Jambo likiwa na shaka hutupwa dadu, na lisemwalo na dadu hukubaliwa na wote. Hapana mshindi, na mwisho wa hadithi haujulikani mpaka umekwisha kusemwa. Kwa sababu hiyo mchezo huu wastahili kupimwa kwa kipimo cha hadithi za mdomo, wala si kwa kipimo cha karata au sataranji peke yake.

Sehemu moja ya mchezo huu ina sifa mbaya tangu zamani, nayo ni safari ya nyikani. Mapango ya chini ya ardhi, ambayo ndiyo yaliyoupa mchezo nusu ya jina lake, huendeshwa kwa wepesi: pana mlango wa kulia na mlango wa kushoto, na mchezaji huchagua. Nyikani hapana milango. Waamuzi wengi wakifika hapo hufanya moja la mambo mawili. Ama husema kwa sentensi moja kwamba siku kumi zimepita na wasafiri wamewasili. Ama hutupa dadu kila jioni ili kuona ni mnyama gani atakayetoka vichakani, safari ikawa mfululizo wa mapigano yasiyo na udugu wala sababu. La kwanza ni kuifuta safari. La pili ni kuigeuza machinjio. Aghalabu lawama hutupiwa mwamuzi kwa uvivu wake, au wachezaji kwa kukosa subira. Lakini mtu akizisoma kanuni zenyewe kwa kufuata miaka yake, ataona kwamba kosa limeingia polepole. Nyika ya mchezo huu ilianza ikiwa na wenyewe. Ilipofika mikononi mwa wachezaji wa karne hii ilikuwa karibu tupu.

Kanuni za 1974 zilikuwa vijitabu vitatu, na nyika ilielezwa katika cha tatu. Watungaji hawakuchora ramani yoyote ya nchi. Walimwelekeza mwamuzi apate mchezo mwingine, uitwao Outdoor Survival, uliobuniwa na Jim Dunnigan na kutolewa na kampuni ya Avalon Hill mwaka 1972, autumie ubao wake. Ubao huo umegawanyika katika vijumba vya pembe sita, mfano wa sega la nyuki, na kila kijumba kina msitu, au kinamasi, au jangwa, au mlima. Mchezo wa Dunnigan ulihusu mtu aliye peke yake porini, ambaye adui zake ni njaa, kiu na kupotea njia. Gygax na Arneson waliubakiza ubao wakabadili maana ya alama zake: majengo yakawa miji, na mahali palipokingwa maji pakawa ngome.

Badiliko hilo lasomwa kwa mstari mmoja, na wengi hulipita bila kusimama. Walakini ndilo tendo kubwa kuliko yote yaliyotendwa katika kijitabu kile. Mahali ambapo mtu mwenye kiu angekwenda kunywa pamepewa bwana. Tena bwana huyo hakuwekwa pale awe pambo la ramani. Msafara ukipita karibu na ngome, wenyeji huweza kutoka kuukabili, nao wana desturi zilizoandikwa. Bwana akiwa mpiganaji, humtaka mpiganaji mwenziwe washindane kwa mikuki juu ya farasi, au sivyo msafara utoe ushuru wa vipande vya dhahabu 100 hata 600. Mgeni akishinda katika shindano hilo hukaribishwa ngomeni muda usiozidi mwezi, akaondoka na chakula cha majuma mawili. Bwana akiwa mchawi, huweza kuwafunga wapita njia kwa uganga wakamtafutie hazina, naye achukue nusu yake au zaidi. Akiwa kasisi hudai zaka, yaani sehemu moja katika kumi ya fedha na vito; asiye na cha kutoa hupewa kazi ya kufanya.

Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kufasiriwa mambo haya. Ana neno lake la kale, nalo ni hongo. Si kwa maana ya rushwa, kama litumikavyo sana siku hizi, bali kwa maana ya kitu apewacho mwenye nchi ili msafara upite. Yafaa hapa kukumbuka namna safari za kweli zilivyosimuliwa na watu wa pwani. Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, yaliyochapishwa tena mwaka 1958 na 1959 katika nyongeza ya jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki pamoja na tafsiri ya W. H. Whiteley, ni habari ndefu ya nyika. Lakini atakayetafuta humo simba na chatu atachoka mapema. Kilichojaa humo ni watu: nani anatawala wapi, nani anamwogopa nani, pembe ngapi, bidhaa gani, maneno gani yalisemwa katika shauri. Hapana tukio lililo mashuhuri zaidi katika kitabu hicho kuliko lile la Utetera, ambapo msafiri alijitambulisha kwa Kasongo Rushie kuwa ni wa damu yake kwa upande wa mabibi, akapewa utawala wa nchi. Ikiwa nasaba ile ilikuwa ya kweli au la, si kazi ya makala haya kuamua. Neno la kutazamwa ni kwamba nchi ngeni ilifunguliwa kwa maneno, na kwamba maneno hayo yasingalikuwa na nguvu kama nchi isingalikuwa na mwenyewe.

Yule msafiri, bila shaka, alikuwa pia mtu wa bunduki na mfanya biashara ya watumwa, na sifa ya usimulizi wake haiondoi jambo hilo. Linganisho hili ni la sanaa, si la maadili.

Kanuni za 1974 zilikuwa na hongo, lakini hongo changa. Mabwana wake wanajua kudai tu. Hawana ugomvi na jirani, hawana binti wa kuoza, hawajui habari za mbele wala za nyuma; kila mmoja hudai kama sanduku la posta linavyopokea barua. Mwamuzi mwenye akili angeweza kuzijenga habari hizo juu ya msingi ule. Kwa bahati mbaya waliofuata hawakujenga juu ya msingi. Waliuhama, wakajenga kando, na mengine waliyojenga ni mazuri kweli.

Zuri kuliko yote ni kanuni ya kupotea, kama ilivyowekwa katika kitabu cha 1981 kilichoandaliwa na David Cook pamoja na Steve Marsh. Kila siku kunapokucha mwamuzi hutupa dadu ya pande sita. Katika uwanda wa majani msafara hupotea dadu ikitoa 1. Katika misitu, vilima na milima ikitoa 1 au 2. Katika jangwa, kinamasi na msitu mnene wa nchi za joto ikitoa 1, 2 au 3. Hesabu yake ni kali. Watu wakikata msitu mnene kwa siku tatu pasipo njia, bahati ya kutopotea hata siku moja ni moja katika nane. Lakini ukali wa kanuni hii hauko katika hesabu. Uko katika siri. Dadu hutupwa kwa faragha, na wachezaji hawaambiwi. Wao husema wanakwenda kaskazini, na mwamuzi, akijua kwamba wamepinda, huwaeleza wanayoyaona.

Hapo ndipo mwamuzi hupimwa kama msimulizi. Hana ruhusa ya kuwaambia kuwa wamepotea, wala hana ruhusa ya kusema uongo. Akisema, “Mmekwenda kaskazini mchana kutwa,” amedanganya, na wachezaji wakija kugundua watamvunjia imani, na haki yao. Lakini akisema kwamba wametembea tangu alfajiri chini ya matawi yaliyofunga anga, na kwamba jioni wamefika penye kijito kinachotelemkia mkono wao wa kushoto, amesema kweli tupu. Mchezaji aliyeangalia ramani yake, akakumbuka kwamba mito yote ya upande ule yapasa kutelemkia kulia, atashtuka. Asiyeangalia atapiga kambi na kulala. Kwa njia hiyo maelezo ya nchi huacha kuwa pambo na kuwa ushahidi. Mengi ya maelezo ya nyika yasomwayo katika vitabu vya mchezo huu, pamoja na ukungu wake, na miti yake mikubwa, na kilio cha ndege asiyejulikana, yana kasoro moja: hayamsaidii mtu kuamua lolote. Yakiondolewa, hapana kitakachopungua. Kijito kile kikiondolewa, uamuzi mzima wapotea.

Katika sanduku hilo hilo la 1981 mlikuwa na kitabu cha safari kiitwacho The Isle of Dread, kazi ya Cook na Tom Moldvay. Ramani yake imechorwa kwa vijumba vya maili 6, na mtu asiyelemewa na mzigo huhesabiwa maili 24 kwa siku katika nchi wazi, nusu yake katika msitu mnene, milima na vinamasi. Kisiwa hicho kina wenyewe. Kusini mna watu wa Tanaroa nyuma ya ukuta mkubwa, na ndani mna makabila ya viumbe wenye vijiji na desturi zao. Kanuni nazo zilikuwa za upole kuliko zinavyokumbukwa. Makutano ya nyikani huanza umbali wa yadi 40 hata 240, kwa hiyo watu huonana kabla ya kufikiana. Tena mwamuzi hutupa dadu mbili kujua nia ya waliokutwa, na shambulio la papo hapo hutokea zikitoa mbili tu, yaani mara moja katika 36. Mahali pengine pote mna nafasi ya kunena, kujificha, kutoa zawadi au kurudi nyuma. Waamuzi waliofanya kila makutano kuwa vita hawakufundishwa hivyo na kitabu, walikisoma nusu.

Hata hivyo kitabu hicho kina doa, na doa hilo limeonekana baadaye katika kazi nyingi. Ramani wapewayo wachezaji ina ufuo wa kisiwa, na katikati ni nyeupe. Weupe huo ni wa nani? Watu wa Tanaroa wamekaa pale vizazi na vizazi, na haiwi nchi yao iwe nyeupe kwao. Mwamuzi aliye hodari hujaza ramani ile kwa vinywa vya wenyeji kabla wachezaji hawajakanyaga ndani: mzee huyu husema mto ule una mamba, mwanamke yule husema si mamba bali ni wivu wa wavuvi. Mwamuzi aliye dhaifu huwaacha wachezaji waingie katika weupe kama kwamba hakuna aliyepata kuishi humo.

Katika kanuni za 2014, toleo la tano, kilichofifia ni posho. Mwendo wa siku umewekwa vizuri: maili 18 kwa polepole, 24 kwa wastani, 30 kwa haraka, na mwendo wa haraka hupunguza uangalifu wa msafiri. Huo ni uamuzi wa kweli, wenye faida upande mmoja na hasara upande wa pili. Lakini pembeni yake yamewekwa mambo yanayouharibu. Mganga wa mimea, kwa uganga wa daraja la kwanza kabisa, hupata matunda kumi, na kila tunda humshibisha mtu siku nzima. Mhusika aliyekulia porini huweza kujipatia chakula na maji yeye na wengine watano, maadam nchi ina vitu hivyo. Mlinzi wa nyika, akiwa katika aina ya nchi aliyoichagua, hawezi kuupoteza msafara isipokuwa kwa uchawi. Kila moja la mambo hayo lilikusudiwa kuwa zawadi kwa mchezaji aliyeipenda nyika. Matokeo yake ni kwamba aliyechagua kuwa mwenyeji wa pori hulipwa kwa kuondolewa pori. Angelipwa vyema zaidi kwa kupewa habari: kwamba maji yapo umbali wa nusu siku kwa njia ya bonde, au robo siku kwa njia ya mteremko mkali, kisha aachwe achague.

Wako watetezi wa mtindo wa zamani wanaotaka kila mkate na kila mshale uhesabiwe. Nao wamekosea kwa upande wao. Kuhesabu mikate pasipo la kuamua ni ukarani. Posho huwa na uzito katika hadithi pale tu iwezapo kugeuzwa kitu kingine: mfuko mmoja wa unga uwe ni siku mbili za kuzunguka kinamasi, au zawadi ya mwenye kivuko, au chakula cha mgonjwa ambaye msafara haujaamua kama utamwacha. Ikiwa mwamuzi hana mabadilishano ya namna hiyo mezani, ni heri asihesabu kitu.

Jaribio kubwa la kurudisha safari katika toleo la tano ni Tomb of Annihilation, kitabu cha mwaka 2017. Nchi yake ni Chult, msitu wa joto uliobuniwa kwa kutazama Afrika kutoka mbali, na ramani yake ni vijumba vya maili 10. Kwa miguu msitu hukatwa kijumba kimoja kwa siku. Kwa mtumbwi, viwili. Maji yamepewa thamani tena, kwa sababu joto humlazimu kila mtu anywe mengi. Na pana laana inayowala waliowahi kufufuliwa, hata kila siku ipitayo njiani humsogeza mtu kaburini. Haya ni mazuri yote. Ubaya uko katika idadi. Dadu ya makutano, yenye pande ishirini, hutupwa mara tatu kwa siku, na makutano hutokea ikitoa 16 au zaidi, yaani robo ya mara zote. Basi katika siku 100 za safari, zipatazo 58 zitakuwa na makutano moja au zaidi. Safari ya siku 20 itakuwa na makutano 15 kwa wastani. Ikiwa kila moja lachukua nusu saa mezani, hizo ni saa saba u nusu za vitu vilivyotoka katika orodha, ilhali laana inawahimiza wachezaji wasisimame popote. Kitabu kimeweka mahali pengi pa kupendeza msituni, kisha kikawaambia wasafiri kwamba kila kituo ni kifo cha mtu. Waamuzi wengi wamelegeza laana au wamepunguza dadu, na wamefanya vyema.

Kuna jambo jingine la Chult lisilosemwa mara nyingi. Katika mji wa Port Nyanzaru, unaotawaliwa na wafanya biashara saba, wachezaji huchagua kiongozi wa njia kutoka katika kundi la watu wenye tabia na siri mbalimbali. Hiki ni kipande bora kuliko vyote vya kitabu, maana kirangozi ni mtu, na mtu ana nia yake. Njia atakayoipendekeza yaweza kuwa fupi kwa msafara au tamu kwake mwenyewe. Lakini ruhusa ya kupeleleza msitu huuzwa na Flaming Fist, jeshi la kukodiwa kutoka mji wa ng’ambo wa Baldur’s Gate, katika ngome yao ya Beluarian. Hivyo hongo imerudi mchezoni, na anayeipokea ni mgeni. Mwamuzi mwenye macho ataona kwamba hapo pana hadithi kubwa kuliko kaburi lililopewa jina la kitabu. Msafara unaoonyesha hati ya wageni kwa mwenye kijiji, na mwenye kijiji akauliza imeandikwa na nani, una jioni nzima ya mchezo isiyohitaji mnyama hata mmoja.

Nje ya Dungeons & Dragons yamefanywa majaribio yaliyo na utulivu zaidi. Ryuutama ya Atsuhiro Okada, iliyotoka Japani mwaka 2007, imewafanya wakulima na wachuuzi kuwa wasafiri, na kila siku hutupiwa dadu kwa hali ya mwili, kwa mwendo, kwa njia na kwa kambi. The One Ring ya Francesco Nepitello, ya mwaka 2011, iliyowekwa katika nchi za Tolkien, imegawa kazi za msafara: kirangozi, mpelelezi, mwindaji na mlinzi, na uchovu wa njia hubebwa mpaka mwisho wa safari. Yote mawili yamefaulu kumwonyesha mchezaji gharama ya njia. Yote mawili bado yaitazama nchi zaidi kuliko wenye nchi.

Liko neno la mwisho, nalo lahusu lugha. Mchezo huu huchezwa sana kwa Kiingereza, na waamuzi hutaabika kupitisha siku zisizo na tukio bila kuzifuta na bila kuzirefusha. Atakayeuendesha kwa Kiswahili ana chombo kilicho tayari. Msimulizi wa safari za pwani alizipitisha siku kwa kiambishi -ka-: wakaenda, wakalala, wakaamka, wakavuka mto, unga ukapungua. Vitenzi vitano vyatosha siku tatu, na msikilizaji amezipita zote kwa miguu yake, amehisi na mfuko ukiwa mwepesi. Kisha mfuatano hukatika kwa sauti ya mtu. Mzee amesimama njiani na vijana wawili nyuma yake, anauliza msafara umelala wapi jana, na kwa idhini ya nani. Mwamuzi lazima awe amekwisha kujua, kabla ya kikao, mzee huyo ni wa nani, anagombana na nani ng’ambo ya mto, na ni kitu gani katika mizigo ile kitakachompendeza kuliko dhahabu. Akiwa hajui, atashika dadu.